Ubaridi wa Udongo: Ushauri kwa Anayetaka Kuzika Bomba la Hewa Buhemba

Yeyote aliyewahi kushuka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, huko Buhemba mkoani Mara anajua kwamba chini ya ardhi hakuna saa sita ya mchana. Juu, bati linawaka na mbwa wamejilaza chini ya mwembe. Chini, mwamba una hali ileile uliyokuwa nayo alfajiri. Juu ya ukweli huo mafundi wa nchi nyingi wamejenga ufundi mmoja rahisi. Unazika bomba ardhini, unaingiza hewa ya nje upande mmoja, na upande wa pili unaipokea chumbani ikiwa imepoa kama ni mchana, au imepata ujoto kidogo kama ni usiku wa baridi. Hakuna kiyoyozi wala gesi. Umeme unaohitajika ni wa feni ndogo tu.

Ninaupenda ufundi huu, na naamini una nafasi yake Buhemba, Butiama, Bunda na hata Musoma mjini. Lakini naandika makala haya kwa hofu moja: kwamba mtu atachimba mtaro, atanunua mabomba, atalipa vibarua, kisha atakaa chumbani saa tisa alasiri akitokwa jasho kama jana. Pesa ya ujenzi kwetu haipatikani mara mbili. Kwa hiyo tuanze na hesabu, ndipo tushike chepeo.

Wazo lenyewe ni la kale. Katika mji wa Yazd nchini Irani, nyumba zenye minara ya upepo zilivuta hewa iliyopita juu ya mifereji ya maji ya chini ya ardhi. Huko Costozza, karibu na Vicenza nchini Italia, majumba ya karne ya 16 yalipata hewa baridi kutoka mapangoni kupitia njia zilizochongwa kwenye mwamba. Msanifu Andrea Palladio aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1570. Na hapa Tanzania, Wairaqw wa nyanda za juu za Mbulu walikuwa wakijenga nyumba zilizozama ndani ya ubavu wa mlima. Husimuliwa kwamba walifanya hivyo kujificha wasionekane na wavamizi waliokuja kuchukua mifugo, lakini nyumba iliyokumbatiwa na udongo pande tatu iliwakinga pia na baridi kali ya Juni na Julai. Hakuna hata mmoja kati ya watu hao aliyehitaji kipimajoto kujua kwamba udongo hauna haraka ya kubadilika.

Sasa, udongo wetu una joto gani? Kanuni ni kwamba ukishuka mita kadhaa chini unakuta joto linalokaribiana na wastani wa hewa ya mahali hapo kwa mwaka mzima, pengine na digrii moja au mbili zaidi. Musoma, iliyo kando ya ziwa yapata mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, mchana hufika digrii 28 hadi 30 na usiku hushuka hadi 17 au 18. Wastani wake uko kwenye 23 hivi. Basi tegemea udongo wa digrii 23 hadi 25. Buhemba iko juu zaidi kidogo na mbali na upepo wa ziwa, hivyo tofauti ya mchana na usiku inaweza kuwa kubwa zaidi, lakini wastani hauhami mbali. Kumbuka tarakimu hiyo. Hakuna bomba litakalokupa hewa ya baridi kuliko udongo linamopita, na mtu anayekuahidi chumba cha digrii 18 kwa bomba la ardhini saa nane mchana huku Mara, hajapima.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wazungu walioandika miongozo mingi ya ufundi huu. Kwao Ujerumani, wastani wa Januari na wa Julai hupishana kwa karibu digrii 20. Mawimbi ya joto la kiangazi na baridi ya kipupwe huzama polepole mpaka chini sana, ndiyo maana wanashauriwa kuchimba mita 2, 3 au zaidi ili wayakwepe. Sisi tuko digrii chini ya mbili kusini mwa ikweta. Mwezi wa joto zaidi na mwezi wa baridi zaidi hupishana kwa digrii chache tu. Kinachopanda na kushuka kwetu ni siku, si mwaka, na wimbi la siku moja halizami mbali: nusu mita chini limekwisha kufifia kiasi cha kutohisika. Maana yake ni kwamba mtaro wa mita 1 hadi 1.5 unatosha. Kuchimba mita 3 Buhemba, kwenye mwamba unaohitaji nyundo na mtaimbo, ni kulipia kitu ambacho ulishakipata kwenye nusu ya kwanza ya kazi. Na kushuka zaidi ya hapo hakuleti baridi. Ukiendelea sana ardhi huanza kupata joto tena. Kwenye mgodi wa Mponeng, Afrika Kusini, unaokaribia kilomita 4 chini, mwamba una zaidi ya digrii 60.

Kina kinaweza kuwa kidogo, lakini kivuli hakiepukiki. Ardhi tupu inayopigwa na jua siku nzima huwa na joto la digrii kadhaa zaidi kuliko ardhi iliyo chini ya miti au majani. Mtaro upitishe chini ya migomba, chini ya bustani, upande wa nyumba usiopigwa na jua la alasiri. Usiupitishe chini ya uwanja uliofagiliwa ukang'aa.

Bomba moja linabeba nini

Chukua bomba la kawaida la PVC la inchi 4, lile la mita 6 linalouzwa kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi. Unganisha matatu, upate mita 18. Sukuma hewa ndani yake kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde. Unapata kiasi cha mita za ujazo 60 za hewa kwa saa, yaani hewa yote ya chumba cha futi 10 kwa 13 inabadilishwa karibu mara mbili kila saa. Nje kuna digrii 30, udongo una 24 na nusu, hewa inaingia chumbani ikiwa na 25 au 26. Umeshusha digrii 4 na kitu. Mtu akiweka uso mbele ya tundu hilo atafurahi.

Lakini joto lililoondolewa ni kiasi gani? Ni wati 70 hadi 80. Mtu mzima aliyekaa ametulia hutoa mwilini mwake karibu wati 100. Bomba hilo moja, pamoja na mtaro wake na feni yake, halitoshi hata kuondoa joto la mtu mmoja aliyekaa anasoma gazeti.

Geuka sasa uangalie juu. Chumba hichohicho kina paa la mita za mraba 12. Huku karibu na ikweta jua la saa sita linapiga karibu wima, hasa Machi na Septemba, na humwaga wati 900 hadi 1,000 kwa kila mita ya mraba. Zaidi ya wati 10,000 zinatua juu ya bati lako. Hata ikiwa ni sehemu moja ya kumi tu inayoshuka mpaka kwenye kichwa cha aliyelala chini, hiyo ni wati 1,000 au zaidi. Ungehitaji mabomba zaidi ya 12 kuzima moto wa bati moja lisilo na dari.

Ndiyo sababu nasema, na ningeomba jambo hili lishikwe kuliko mengine yote humu: bomba la ardhini ni kazi ya mwisho, paa ni kazi ya kwanza. Mwenye nyumba ya bati tupu asiguse mtaro. Aweke dari kwanza. Singibodi ni nzuri kama uwezo upo. Matete ya ziwani yaliyofumwa vizuri na kupakwa udongo laini upande wa chini yanafanya kazi hiyo kwa pesa kidogo. Kati ya dari na bati iwepo nafasi, na nafasi hiyo ipumue kwa matundu yenye wavu kwenye kuta mbili za pembeni, ili hewa iliyochemka itoke isishuke. Bati lililoanza kutu lipakwe rangi nyeupe. Upande wa magharibi upandwe mti, au ujengwe ubaraza. Madirisha yenye wavu yafunguliwe usiku, kwa sababu hewa ya digrii 17 inayopita bure ni baridi kuliko udongo wowote utakaouchimba.

Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama yetu, alilalamika kwa uchungu kwamba watu wamepumbazwa na bati na saruji, wanakaa wakingoja mali ya dukani huku udongo wa matofali na vigae uko chini ya miguu yao. Wengi walimsikia kama mtu anayezungumzia gharama. Nikilala chini ya bati mwezi wa pili, naona alikuwa akizungumzia na joto pia. Paa la vigae vya udongo, kwa uzito wake na mianya yake midogo, halichomi kama bati. Msonge wa nyasi aliozaliwa ndani yake babu wa Kizanaki ulikuwa na ubaridi ambao nyumba nyingi za leo za Buhemba hazina. Sisemi turudi kwenye nyasi. Moto na mvua tunavijua. Nasema anayejenga upya awaulize mafundi bei ya vigae, na aulizie matofali ya kufungamana yaliyohimizwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, yasiyohitaji kuchomwa kwa kuni.

Nani basi azike bomba

Mwenye chumba kidogo, kilichokwisha kuwekewa dari na kivuli, ambacho kwa sababu ya kazi yake hakiwezi kufunguliwa madirisha mchana kutwa.

Mfano wa kwanza kwangu ni duka la dawa muhimu. Soma maandishi kwenye maboksi: dawa nyingi zinatakiwa zikae chini ya digrii 30, nyingine chini ya 25. Duka la bati lililofungwa kwa kuogopa vumbi na wezi hupita digrii 30 kila alasiri ya kiangazi, na mnunuzi hawezi kuona kwa macho kwamba dawa imepungua nguvu. Hapa digrii 4 ni jambo kubwa. Hewa ya digrii 25 au 26 inayoingia polepole na kuisukuma nje ile iliyochemka inaweza kulivusha duka hilo salama upande wa zile za 30. Dawa za chini ya 25 zinataka zaidi ya bomba, na chanjo ndiyo kabisa, kwa kuwa huhifadhiwa kati ya digrii 2 na 8. Hiyo ni kazi ya jokofu.

Mfano wa pili ni banda la vifaranga, na huu ndio unaonivutia zaidi, maana hapa udongo unatumika kupasha joto. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanataka digrii 32 au zaidi ndani ya kizimba chao. Mfugaji wa kwetu huziba kila tundu, anaweka jiko la mkaa ndani, na alfajiri anakuta baadhi wamekufa. Anadhani ni baridi, kumbe ni hewa. Mkaa unaoungua kwenye chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua kifaranga na inayoua mtu. Vifaranga wanahitaji hewa safi usiku kucha, lakini hewa ya nje ina digrii 16 au 17. Ikipitishwa ardhini inaingia na 22. Jiko au taa bado inahitajika, ila inafanya kazi ndogo zaidi, na banda linapumua. Hata hivyo bomba halihalalishi mkaa ndani ya banda lililofungwa. Jiko liwe na dohani ya kutoa moshi na hewa ya sumu nje.

Chumba cha kompyuta cha shule ni mfano wa tatu, na stoo ya mbegu wa nne. Sebule ya familia siiweki kwenye orodha hii. Sebule ni mahali pa kufungua milango.

Kupima, kuchimba, kulaza

Kabla ya kununua chochote, pima. Chimba shimo moja la mita 1 na robo pale unapofikiria kupitisha mtaro. Jaza maji kwenye chupa, tumbukiza kipimajoto cha hewa ndani yake (kile cha homa hakifai, kinaanzia digrii 35), ifukie chupa chini ya shimo kwa udongo wa kiasi cha viganja vinne, funika mdomo wa shimo kwa mbao na magunia. Kesho yake alfajiri soma, rudishia, soma tena saa tisa alasiri. Fanya hivyo siku kadhaa, ukipima na hewa ya nje na ya chumbani. Kama udongo haujatofautiana na hewa ya alasiri kwa angalau digrii 4, acha. Shimo hilohilo litakuonyesha pia kama kuna maji chini, kama kuna mwamba, na kama udongo ni ule mweusi wa mbugani unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Udongo huo mweusi hukata mabomba. Ukiukuta, tafuta njia nyingine, au chimba kwa upana zaidi na ujaze mchanga pande zote za bomba.

Na mahali unapochimba pawe safi. Buhemba ni ardhi ya mgodi tangu enzi za ukoloni, na wachimbaji wadogo wamesaga na kuoshea dhahabu sehemu nyingi kwa zebaki. Usizike bomba la hewa kwenye marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, wala karibu na mahali panapochomewa zebaki, wala kwenye kifusi cha mgodi kilichomwagwa kujazia kiwanja. Hewa hiyo utaivuta usiku na mchana. Kwa sababu hiyohiyo bomba liwe zima, lenye viungio vilivyogundishwa vizuri, lisiwe la matundu. Miamba ya graniti hutoa kiasi fulani cha radoni, gesi ya mionzi isiyoonekana wala kunusika, nayo hupenya panapokuwa na ufa.

Jambo jingine linahusu mashimo ya zamani, na hapa nazungumza na vijana wa mgodini hasa. Mtu anaweza kufikiri: kwa nini nichimbe mtaro na hapo nyuma ya nyumba kuna duara lililoachwa, lina hewa baridi tayari? Usithubutu. Hewa ya duara lililokaa bila kutumika haina oksijeni ya kutosha, na inaweza kuwa na gesi nzito zilizotulia chini. Wachimbaji wenyewe hawashuki bila kupulizia hewa kwa feni na mpira wa plastiki. Hewa inayoweza kumwangusha mtu mzima duarani haifai kuletwa kitandani kwa mtoto. Bomba linavuta hewa ya juu, ya nje, iliyo wazi. Kazi ya ardhi ni kuigusa kupitia ukuta wa bomba tu.

Mtaro ukizidi mita 1.2 kuta zake zinaweza kubomoka. Udongo uliotolewa uwekwe mbali na ukingo, angalau hatua moja, na asishuke mtu peke yake. Chini laza mchanga wa kina cha vidole vinne, ndipo bomba. Mteremko ni wa lazima: sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea upande mmoja, pima kwa mpira wa maji kama fundi mwashi anavyopima msingi. Mwisho wa mteremko weka kona ya T inayoshuka kwenye shimo dogo la kokoto lenye bomba la kupanda juu na kofia inayofunguka. Kwa joto la udongo wetu, umande wa ndani ya bomba si tatizo kubwa siku za kawaida, kwa kuwa hewa ya Mara hailoani kiasi cha kutona maji kwenye digrii 24. Tatizo ni mvua inayopenya kwenye kiungio kibovu. Maji yakituama ndani yanazaa ukungu na harufu, na nyumba nzima itanuka kisima.

Urefu usiwe tamaa. Bomba la inchi 4 likivuka mita 18 au 20 hewa imeshafika karibu na joto la udongo. Mita 20 za ziada hazishushi digrii nyingine, zinaongeza msuguano tu. Ukitaka baridi zaidi ongeza idadi ya mabomba, yakipishana mita moja, au tumia la inchi 6 ambalo kwa mwendo uleule hubeba hewa zaidi ya mara mbili.

Mdomo wa kuingizia hewa uinuke mita moja na nusu kutoka ardhini, uelekee chini kama fimbo ya mzee ili mvua isiingie, uwe mbali na choo, jiko, zizi na jenereta. Ufungwe wavu wa aina mbili: wa chuma kwa panya na nyoka, wa matundu madogo kwa mbu. Upande wa chumbani nako wavu wa mbu uwepo. Mkoa wa Mara ni wa malaria, na bomba lisilo na wavu ni mlango uliowaachia mbu wazi.

Kuhusu kusukuma hewa: wengine watakuambia bomba jeusi la juu ya paa, kama lile la choo cha shimo, litavuta hewa lenyewe kwa joto la jua. Kwenye choo linafanya kazi kwa sababu njia ni fupi na pana. Kwenye bomba jembamba la mita 18 mvuto huo ni mdogo, utapata robo au theluthi ya hewa unayoihitaji. Weka feni. Feni ya kompyuta ya volti 12 inasikika ikizunguka, lakini msuguano wa bomba refu huielemea. Nunua feni iliyotengenezwa kwa ajili ya mabomba, iunge moja kwa moja na paneli ndogo ya sola. Jua likiwa kali inakimbia, jua likizama inasimama, na hivyo ndivyo duka la dawa linavyotaka. Kwa vifaranga utahitaji betri. Usisahau pia tundu la kutokea hewa, juu ya ukuta wa upande wa pili, kwani chumba kisicho na pa kutolea hakipokei.

Mawe badala ya bomba

Mwenye kujenga nyumba mpya, ambaye msingi bado uko wazi, nina ushauri mwingine kwake, na ningekuwa yeye ningeufuata huu kabla ya bomba.

Udongo una digrii 24 kwa sababu ndio wastani wetu. Lakini usiku wetu una 17. Tukiweza kuuhifadhi usiku mpaka alasiri, tumepata baridi ambayo udongo hauna. Chombo cha kuhifadhia ni mawe. Jengo la Eastgate mjini Harare, lililofunguliwa mwaka 1996 na kusanifiwa na Mick Pearce wa Zimbabwe, hupitisha hewa ya usiku kwenye nafasi zilizo chini ya sakafu zake nzito za zege. Zege linapoa usiku, linapoza hewa mchana. Nairobi, Chuo Kikuu Katoliki cha Afrika Mashariki huko Lang'ata kina jengo la maktaba ambalo ukumbi wake hupozwa kwa hewa inayopita kwenye tabaka la mawe lililopangwa chini.

Kwa nyumba ya Buhemba ifanye ndogo. Chini ya chumba kimoja jenga kisanduku cha tofali cha mita 2 kwa 2, kina mita 1, kilichopigwa lipu na kuwekewa karatasi ya nailoni chini na pembeni kuzuia unyevu. Jaza mawe ya ukubwa wa ngumi, yaliyooshwa mpaka maji yatoke meupe. Acha nafasi ya kiganja kila upande ili hewa isambae. Mawe ni yale ya milimani, ambayo Butiama yote imejaa; mawe ya taka za mgodi hapana. Utahitaji karibu tani 6. Yasichanganywe na moramu na kushindiliwa kama mawe ya jamvi, kwa sababu hewa haitapita. Usiku feni ivute hewa ya nje ipite kwenye mawe na kutoka. Mchana igeuzwe, ipeleke hewa ya mawe chumbani. Kwa feni iliyo sawa na ya bomba la inchi 6, hewa itaingia na digrii 21 au 22 badala ya 26, na joto linaloondolewa ni kama mara mbili. Gharama yake ni betri ya usiku na kazi ya kuosha mawe. Hatari yake ni unyevu: mawe ya digrii 19 yako karibu zaidi na umande kuliko udongo wa 24, hivyo miezi ya masika mfumo huu ufungwe kabisa.

Kazi zote mbili zifanyike kiangazi, Juni hadi Agosti, mtaro ukiwa mkavu na vibarua wamemaliza mavuno. Kufikia vuli ya Oktoba kila kiungio kiwe kimefukiwa na kushindiliwa kidogo kidogo. Vuta kitambaa kilicholowa maji ya klorini kwa kamba kutoka upande mmoja wa bomba hadi mwingine kabla ya kuwasha feni mara ya kwanza, na rudia kila mwaka; acha kamba ndani, itakusaidia. Nyavu zifutwe vumbi kila wiki mbili, kwani wavu ulioziba unaua hewa kuliko kona tatu za bomba. Masika ikianza, fungua kofia ya shimo la kokoto baada ya kila mvua kubwa. Ukikuta maji yamefika kwenye T, zima feni, ziba mdomo wa chumbani, na usiiwashe tena mpaka kiungio kinachovuja kipatikane.